RAV4 au Escudo? Barua ya mama wa njia ya Mkongo



Mwezi uliopita tuliahidi kwamba safu hii itazungumzia kuharisha kwa watoto, vidonge vya zinki na maji ya ORS. Somo hilo lipo, tutalirudia mwezi ujao. Tumelisogeza kwa sababu ya barua moja isiyoweza kungoja.

Imetoka kwa mama mwenye watoto wanne, anayekaa kwenye njia itokayo hapa Kibiti kwenda Mkongo na Mloka, ile wanayopita watalii wa Hifadhi ya Nyerere. Mume wake ni mwajiriwa, yeye ana duka la nafaka. Wamedunduliza miaka sita ili wanunue gari la nyumbani. Baba anataka Toyota RAV4. Mama anataka Suzuki Escudo. Wamefika mahali pa kununiana, chakula kinaliwa kimya, na watoto nao wameanza kuchagua upande. Anatuomba tuseme lipi kati ya hayo mawili ni gari la familia.

Kisha chini kabisa ya karatasi, baada ya salamu za mwisho, ameongeza mstari mmoja. Anasema akiba yao haitoshi, watakopa kiasi kilichobaki, na mkopeshaji anataka nyumba wanayokaa iwe dhamana. Fomu ipo mezani. Yeye anatakiwa kuweka sahihi kabla mwezi haujaisha.

Sisi wauguzi tunaujua mstari wa namna hiyo. Mgonjwa hukaa nawe robo saa akieleza kichwa na mafua, halafu akishashika kitasa cha mlango ndipo anageuka na kusema, "Na pia nina uvimbe kwenye titi." Tutaufikia mstari huo. Lakini mama ameuliza habari za magari, na si adabu kumjibu mtu swali ambalo hakuuliza na kuliacha lake.

Tuseme kwanza kwamba yote mawili tumeyamiliki, moja baada ya lingine, kwa hiyo hatusemi ya kusikia. La kwanza lilikuwa RAV4, na tulilinunua kwa macho. Lilikuwa jeupe, viti safi, na nyuma ya bodi limebandikwa kibao kinachosema ni gari la kuvuta magurudumu manne, yaani foo wili kama wanavyosema vijana wa gereji. Dalali alituapia. Baba watoto alifungua boneti, akaitazama injini kama anayesoma kitabu cha lugha ngeni, akaifunga. Sisi tulikagua viti. Hakuna hata mmoja wetu aliyepiga magoti na kuchungulia chini.

Tuliishi na gari hilo vizuri sana kwa miaka mitatu, kwa sababu tulipita lami. Kibiti hadi Dar es Salaam, Kibiti hadi Ikwiriri na ng'ambo ya Daraja la Mkapa, basi. Wakubwa mnakumbuka jinsi kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003 watu walivyokuwa wakingoja pantoni pale Ndundu, na malori yakilala foleni. Siku hizi unavuka mto huku mtoto anasinzia.

Masika moja, usiku, tulipigiwa simu kwamba kuna mama mjamzito ameletwa kwa boti Nyamisati kutoka visiwani ndani ya delta, uchungu umeanza tangu asubuhi. Wenzetu wa delta wanajua habari hiyo. Maparoni, Kiongoroni na Msala hakuna gari linalofika, liwe la bei gani. Gari la familia kule ni mtumbwi au boti, na saa ya kuondoka inapangwa na maji kujaa na kupwa. Mama yule alikuwa amengoja maji yajae. Gari la wagonjwa lilikuwa safari nyingine. Tukachukua RAV4 yetu.

Kwenda tulifika. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imenyesha tena, na kwenye bonde moja gari likaingia tope likakataa. Magurudumu ya mbele yalizunguka yakitupa udongo hadi kwenye kioo. Ya nyuma yalikaa kimya kama ya mkokoteni. Tulikata matawi, tukaweka chini ya tairi, vijana wawili wakasukuma, hakuna kitu. Mtoto alizaliwa pale pale, kwenye kiti cha nyuma, kwa mwanga wa simu. Alilia vizuri. Lakini kondo la nyuma lilichelewa, na damu ikawa inatoka kuliko tulivyopenda. Tulimweka mtoto kwenye titi, tukalisugua tumbo la mama, tukaendelea kumwita jina asilale. Baada ya muda ambao hatutaki kuukumbuka likatokea lori lililobeba nazi, likatuvuta kwa kamba. Kondo lilitoka kabla hatujafika kituoni. Mama alipona, na yule mtoto sasa anakwenda shule.

Kesho yake fundi alipandisha gari kwa jeki akatuita tuone. Nyuma hapakuwa na difu wala shafti ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Lilikuwa gari la kuvuta mbele tu tangu lilipotoka kiwandani, na kile kibao kilibandikwa na mtu. Kiwanda hakikutudanganya. Tulidanganywa na dalali, na tulijidanganya wenyewe kwa uvivu wa kuinama.

Kwa hiyo, mama yetu wa njia ya Mkongo, jambo la kwanza ni hili: RAV4 si gari moja, na Escudo si gari moja. Mkigombana kwa majina mnagombania vibao.

RAV4 ilianza kuuzwa Japani mwaka 1994. Ilitengenezwa kama gari dogo la kawaida lililoinuliwa, bodi na chasisi vikiwa kitu kimoja. Ndiyo sababu inakaa vizuri kwenye lami, haikurushi, na mama mwenye mgongo mbovu anashuka bila kuugulia. Zile za toleo la pili, za mwaka 2000 hadi 2005, ndizo nyingi mtakazozikuta kwa bei ya watu wa kawaida, na hapo kuna mitego miwili. Zenye injini ya 1.8 zilizotoka Japani zinavuta mbele tu, kama ile yetu. Zenye injini ya lita 2 nyingi zinavuta kote, lakini injini yake ni ile mafundi wanayoiita D4, inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Si injini mbaya. Ila inataka petroli safi na fundi anayeielewa, na pampu yake ikifa utakaa chini. Petroli ya chupa ya kando ya njia siyo chakula chake. Mkiichukua hiyo, mjue mnajaza mafuta kwenye vituo vinavyoaminika tu.

Escudo ni ndugu wa zile zinazoitwa Vitara na Grand Vitara sehemu nyingine za dunia. Ilianza mwaka 1988. Matoleo mawili ya kwanza yamejengwa juu ya chasisi ya ngazi kama lori dogo, nguvu inakwenda nyuma, na ukivuta kijiti cha pili pembeni ya gia inakwenda mbele pia. Kijiti hicho kina gia nzito, ambayo gari linatembea polepole lakini kwa nguvu nyingi. Kwenye tope la bonde la Rufiji, lile jeusi linaloshika ndala na kubaki nayo, gia hiyo ndiyo inayokutoa. Kuanzia mwaka 2005 bodi iliunganishwa na chasisi, gari likawa tulivu zaidi, na zile zenye gia nzito zina kitufe cha kuzungusha mbele ya dereva badala ya kijiti.

Baada ya usiku ule tuliuza RAV4 tukanunua Escudo ya toleo la pili, milango mitano. Hatukujuta kwa habari ya tope. Kwa mengine tulilalamika. Inarusha. Sakafu yake iko juu, bibi yetu alihitaji kigoda cha kupandia. Nyuma ni pembamba, watoto watatu wakishakua wanasukumana viwiko hadi Mkuranga. Inakunywa mafuta kidogo zaidi. Na mtu akisahau na kuendesha foo wili kwenye lami kavu, shafti zinakabana na vyuma vinaumia. Kwenye lami inarudishwa kuvuta nyuma tu. Mfundisheni kila atakayeshika usukani.

Habari ya vipuri haina ubishi mkubwa. Spea za Toyota mtazipata Kibiti, Ikwiriri, Mbagala, hata kwa mtu anayeuza na mkaa. Za Escudo zipo, lakini mara nyingi mtaagiza kwa kondakta wa basi kutoka Dar es Salaam na kungoja kesho. Kama mume wako anasafiri sana na wewe ndiye utakayebaki na gari bovu uwanjani, hilo si jambo dogo.

Sasa namna ya kuinama. Nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji. Gari lipandishwe jeki. Muulizeni awaonyeshe difu ya nyuma kwa kidole, na shafti inayoingia humo. Kwa Escudo aweke gia nzito na gari litembee mbele ya macho yenu, kisha agonge chasisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Japani kuna sehemu za theluji ambako barabara humwagwa chumvi, na chuma kinaliwa kutoka ndani huku rangi ya juu inang'aa. Gari lililokaa karibu na maji ya chumvi huku kwetu lina ugonjwa huo huo. Kama mnaagiza wenyewe, ombeni karatasi ya mnada ya Japani. Ikiwa na alama ya R au RA maana yake gari limewahi kupata ajali likatengenezwa. Na saa ya kilometa msiiamini peke yake. Tazameni pedali ya breki na usukani: gari linalodai kutembea kidogo huku pedali imelika hadi chuma limesema uongo.

Baada ya hapo, akina mama, ingieni nyuma. Hili ndilo eneo letu, na tunashangaa jinsi familia zinavyonunua gari bila mama kukaa kiti cha nyuma hata dakika tano. Vuteni kila mkanda hadi mwisho, kisha uvuteni kwa ghafla. Ukikataa kushika, andikeni. Hesabuni mikanda na hesabuni watoto. Mama huyu ana watoto wanne, na magari haya kwa kawaida yana mikanda mitatu nyuma. Hakuna kati ya haya mawili linalomaliza hesabu hiyo, na tunaona si yeye wala mume wake aliyeitaja. Yule wa nne atapakatwa, na mtoto aliyepakatwa gari likigonga hawezi kushikwa na mikono ya mtu yeyote; tumepokea watoto hao kituoni. Kama safari ya wote sita ni ya kila Jumapili, ziko RAV4 chache za baada ya 2005 zenye safu ya tatu ya viti, lakini bei yake ni nyingine. Vinginevyo mtakubaliana kwenda kwa zamu. Magari yenye milango miwili tu ya pembeni, na yapo ya aina zote mbili, msiyatazame kabisa.

Mtoto mchanga asikae mbele penye mfuko wa hewa, hata ukimpakata wewe. Mjamzito afunge mkanda, wengi mnauacha mkidhani unambana mtoto. Kipande cha chini kipite chini ya tumbo juu ya nyonga, cha juu kipite katikati ya matiti.

Kitu kingine kidogo: mlango wa nyuma wa magari yote mawili hufunguka kwa pembeni kama wa kabati, maana umebeba tairi la akiba. Hautakukinga na mvua unapopakia masufuria ya kanisani, na mtu akiegesha karibu sana nyuma yako hutaweza kuufungua. Tumeshashusha sufuria la pilau kupitia dirishani.

Tukifunga habari ya magari: kwa mama anayekaa Bungu, Jaribu Mpakani, Kibiti mjini au Ikwiriri, kando ya lami, tungemwambia achukue RAV4, hata ya kuvuta mbele, na fedha inayobaki anunue tairi mpya nne. Tairi zenye meno zinatoa watu wengi kwenye matope kuliko vibao. Kwa mama anayekaa ndani kwenye udongo mwaka mzima, kama mwandishi wetu, anachotaka yeye ndicho sahihi: Escudo yenye gia nzito, na chasisi iliyogongwa. Baba asione ameshindwa. Anapenda utulivu wa RAV4 kwa sababu anafikiria safari ya Dar es Salaam. Mama anafikiria bonde lililoko nyuma ya nyumba. Safari ya Dar es Salaam ni mara mbili kwa mwezi, bonde ni kila siku.

Lakini liwe lipi, msilitegemee kwa mafuriko. Aprili 2024 Rufiji ilipofurika watu walitolewa kwa boti na mitumbwi, na mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kikakata barabara kuu ya kwenda Lindi. Maji ya magotini yanayokwenda kasi yanaweza kusukuma gari dogo nje ya barabara. Msipoona chini, rudini. Na kwa mjamzito aliyezidiwa, kabla ya kuwasha gari lako piga 115. Haina malipo. Ni namba ya mpango wa m-mama, na gari la wagonjwa likiwa mbali wao hutafuta dereva wa jamii aliyesajiliwa na kumlipa. Gari lenu lisigeuzwe ambulansi ya kijiji kizima kwa sababu tu mnaona aibu kukataa. Sisi tuliligeuza la kwetu, na tunajua lilivyokula ada ya shule.

Sasa mstari wa chini.

Mama, umesema akiba haitoshi. Hujasema imepungua kiasi gani, na hujasema kama hesabu ni ya bei ya gari au ya gari hadi lipo mlangoni. Wengi huangukia hapo. Gari likitoka nje lina ushuru wa forodha asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini na umri wa gari, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla hiyo, na tozo nyingine. TRA haipigi hesabu kwa bei uliyolipa wewe. Ina thamani yake kwa kila aina na mwaka, na kikokotoo chake kiko kwenye tovuti yao, kijana yeyote mwenye simu atakufungulia. Ongeza bima, usajili, tairi, na matengenezo ya mwezi wa kwanza ambayo hayakosi. Tumeona familia zilizonunua gari vizuri kabisa, likakaa uwanjani miezi minane kuku wakitagia ndani kwa sababu fedha ya shokapu haikuwepo.

Habari ya nyumba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Ndiyo maana mkopeshaji anakutafuta wewe. Sahihi hiyo hawaihitaji kwa heshima, wanaihitaji kwa sababu bila hiyo hawana nyumba. Wewe si shahidi kwenye fomu ile. Wewe ni mmoja wa wanaotoa. Na gari, mama, linashuka bei tangu siku ya kwanza mnapolipanda, huku deni likibaki pale pale. Mkishindwa kulipa, gari halitafidia nyumba.

Sisi tusingeweka sahihi. Tunalisema hivyo tukijua tunaingia nyumba ya watu. Tungemwambia baba watoto jioni, watoto wakishalala, siyo mbele yao na siyo kwa kununa, kwamba kwenye gari tunaweza kukubaliana hata kesho, lakini si kwa nyumba hii. Kisha tungeuliza chama cha akiba na mikopo ambacho yeye ni mwanachama kama kuna mkopo mdogo unaolindwa na hisa zake na mshahara, hata kama ni wa gari la mwaka wa nyuma zaidi, au wa kungoja hadi mavuno mengine ya mpunga. Miaka sita mmeshangoja. Bodaboda na bajaji za njia ya Mkongo zinawajua.

Kama fomu imeshasainiwa kabla gazeti hili halijakufikia, usikae na hofu peke yako. Nenda na mume wako mkamwombe mkopeshaji nakala ya kila karatasi, mjue tarehe za marejesho na riba kwa maandishi, na kama fedha haijatoka bado, ulizeni siku hiyo hiyo kama mnaweza kujitoa.

Tunangoja barua yako ya pili. Utuambie pia mtoto wa nne ana umri gani, hukutaja. Wengine mnaotaka orodha ya mambo ya kukagua kwenye gari, tumeiandika kwa mkono na ipo kwa wenzetu wa kikundi cha akina mama hapa Kibiti, mje na daftari mnakili. Mwezi ujao ni zinki na ORS.